Picha Moja ya Kujaribia

Jumatatu, tarehe 16 Oktoba 2023. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikapungua, ikarudi, na kulipokucha vijia vya mtaa wa Kisugu vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyomwagika. Maji yalishuka mferejini yakibeba maganda ya ndizi na kandambili moja ya mtoto. Aloyo alisimama mlangoni na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, akipima kwa macho kama atoke au angoje kidogo, Kidega alipomwita kutoka sebuleni.

"Anti, njoo uone kitu."

Kidega alikuwa mtoto wa marehemu kaka wa mume wa Aloyo, Oola. Alitoka Gulu akaja kulala kwenye kochi lao kwa wiki mbili tu, na sasa kochi lilikuwa limeshika umbo la mgongo wake. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi na misiba. Jumamosi iliyopita alipiga harusi ya majirani zao Wakenya, Nashon na Phelister, watu wazima wenye watoto wakubwa, waliokuwa wamekaa pamoja miaka mingi kabla ya kwenda mbele ya padre.

Kwenye kompyuta yake ndogo picha za mwanzo zilikuwa safi kabisa. Phelister saluni, rola zimemjaa kichwani. Binti yake Moreen akihangaika na zipu ya gauni. Nashon amepiga magoti akitafuta soksi chini ya kitanda. Baada ya soksi ilikuja picha ya kijivu, kisha nyingine ya kijivu, na kijivu hicho kikaendelea mpaka mwisho.

"Kanisani je?" Aloyo aliuliza.

"Hakuna."

"Na video? Wakati wanaapa?"

"Jina lake lipo. Ukifungua, ndani hakuna kitu." Kidega alijipangusa uso kwa kiganja. "Anti, nadhani kamera yangu imekufa."

Aloyo hakuitazama kamera. Alitazama kadi ndogo ya bluu iliyokuwa imechomekwa ubavuni mwa kompyuta. Aliyempa ni yeye mwenyewe, Ijumaa jioni, kutoka kwenye boksi jipya. "Chukua hii," alimwambia. "Giga sitini na nne. Inatosha siku nzima, usihangaike kubadilisha." Zamani, memori zilipokuwa ghali, Kidega alikuwa na kadi ndogo ndogo, moja ya nyumbani, moja ya kanisani, moja ya ukumbini. Ikiharibika moja, nyingine zinabaki. Bei iliposhuka akaziuza zote, akaiweka siku nzima ya watu ndani ya kadi moja.

"Izime, halafu uiwashe tena," Aloyo alisema.

Ndivyo alivyosema. Kisha akaufungua mwavuli akatoka, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Meza yake ya vioo ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja la maduka, hatua chache kutoka soko la jumla la Kikuubo. Wapiga picha wa mjini walimwita Mama Jaza. Jina hilo hakujipa. Alilipata kwa sababu kila memori iliyotoka mezani kwake aliijaza kwanza. Aliichomeka kwenye kompyuta, akamimina ndani yake video ya kwaya ya parokia, mara moja, mara mbili, mara nyingi, hadi kadi ishibe, kisha akaifungua video ya mwisho mbele ya mnunuzi. Kwaya ikiimba, kadi ni nzima. Mnunuzi alikaa kwenye kigoda na soda, akangoja, na bei ya siku zile iliweza kulipia muda ule.

Kisha bei zikaanza kushuka. Mzigo mpya ulikuja na bei ya chini kuliko uliotangulia, na Aloyo alipokuwa hajamaliza kuuza wa kwanza, Shamim wa meza ya jirani alishaleta wa pili. Wateja walisimama mbele yake na simu mkononi, wakimwonyesha bei za mitandaoni kana kwamba ni yeye aliyekuwa akiwaibia miaka yote. Faida ya kadi ikawa haifiki bei ya soda ya mnunuzi. Ndipo aliponunua boksi la kadi za bluu. Na ndipo alipobadilisha majaribio.

Alitundika kamera kuukuu msumarini. Mteja akija, alichomeka kadi, akampiga picha moja, akamgeuzia kioo. "Umejiona? Umependeza. Kadi nzima hiyo." Mteja alicheka, akalipa, akaenda.

Picha moja haisemi kitu. Kadi inayodanganya ukubwa wake huzipokea vizuri picha za kwanza; zinazofuata inazitupa bila kumwambia mwenye kamera. Aloyo alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Alijua kila alipobofya.

"Mama Jaza, hii inaenda pesa ngapi?" Kijana wa video kutoka Kasubi alikuwa ameegemea kioo, koti linadondosha maji.

"Thelathini."

"Elfu thelathini? Shamim hapa anatoa ishirini na tano. Wewe unauza memori au unauza kiwanja?"

"Basi nenda kwa Shamim."

"Eh, nnyabo, mama yangu, usikasirike, ni asubuhi. Mimi nataka zile za bluu. Rafiki yangu alichukua kwako kwa kumi na tano."

Mkono wa Aloyo ulisimama juu ya droo. "Zimeisha."

"Si hizo hapo?"

Wote wawili waliziona, zimepangwa chini ya kioo.

"Hizo si za kuuza."

"Banange! Duka lina vitu si vya kuuza. Sasa hapa ni makumbusho." Kijana alimgeukia Shamim huku akicheka, na Shamim akampisha kigoda kwa upole mkubwa uliomkera Aloyo kuliko kicheko.

Alichukua kadi moja ya bluu, akaijaza kama zamani. Kwaya iliingia, ikaingia, kompyuta ikasema imemaliza. Alifungua video ya kwanza: kwaya ikaimba. Alifungua ya mwisho: kioo cheusi. Akachukua kadi ya pili. Ilikuwa vilevile. Ya tatu hakuichukua. Aliweka viganja juu ya kioo baridi akasema, "Yesu wangu," na hakupata neno la kuongeza, ingawa alikuwa mtu wa sala ndefu.

Aliwaacha wateja wakipita, akateremka Kikuubo. Wachukuzi walikuwa wakipiga kelele za "Njia! Njia!" wakiwa na magunia vichwani, matope yakiruka hadi magotini, na kila mtu alikuwa na haraka zaidi yake. Abdul-Latif, muuzaji wa jumla, alikuwa akikata utepe wa katoni. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kukata.

"Mama Ajok," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake, "siku ile nilikuambia nini?"

"Uliniambia nijaze."

"Nilikuambia shehena hii siijui, ndiyo maana bei yake ni hiyo. Jaza moja moja, itakayokataa nirudishie. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

Mkewe Maimunah alidakia kutoka nyuma ya maboksi bila kuinua kichwa. "Alisema. Na wewe ukamjibu, Abdul-Latif, leo unanifundisha kazi?"

Aloyo alikumbuka. Alikuwa hata amecheka alipolisema.

"Lete zilizobaki," Abdul-Latif alisema kwa sauti ya chini. "Nitazipokea."

"Na nilizouza?"

"Hizo ziko na watu, dada."

Hizo ziko na watu. Maneno hayo yalipanda naye kilima chote cha kurudi Kisugu. Alimwona kila aliyecheka mbele ya kamera ya msumarini: mama mmoja wa mahafali, kijana wa ubatizo, mzee aliyetaka kupiga picha kaburi la mkewe likiwekwa vigae. Kadi zao zilikuwa mahali fulani mjini, zikipokea picha.

Aliposukuma mlango wake alikuta watu wamesimama. Oola alikuwa na suruali ya sare ya polisi na fulana, ametoka zamu. Kidega alikuwa amejibana kwenye kona ya kochi. Nashon alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na mbele yake Phelister, nywele za harusi bado zimesimama kichwani.

"Mama Moreen, karibu kiti," Oola alikuwa akisema.

"Sikuja kukaa, Afande. Nimekaa vya kutosha." Phelister alimgeukia Aloyo kana kwamba amepata hakimu. "Dada, umefika vizuri. Mimi nimeishi na huyu mwanaume miaka ishirini na mbili. Wewe unajua, tunasali kanisa moja. Kila Jumapili watu wakienda kupokea komunyo mimi nakunja miguu kwenye benchi, wapite. Watoto wa juzi wananiruka magoti. Jumamosi ndiyo mara ya kwanza na mimi nimesimama nikaenda. Sasa kijana wenu ananiletea picha ya rola!"

"Phelister, punguza sauti," Nashon alisema.

"Nimepunguza miaka ishirini na mbili!"

"Mama, pole sana," Kidega alisema. "Kamera ilinidanganya."

"Kamera haina mdomo, wewe." Lakini sauti yake ilikuwa imevunjika, na aliyoyasema baadaye aliyasema akitazama ukuta. "Hata kile kiapo sikukisikia. Aki nilikuwa nalia, pua imeziba, masikio yamejaa, naona tu mdomo wa Baba Moreen unacheza. Nikajiambia, tulia, si kijana anarekodi? Utasikia nyumbani, ukiwa umekaa."

Nje mtu alikuwa akipiga mswaki na kutema.

"Pesa mliyolipa atarudisha," Oola alisema hatimaye.

"Na nini, Afande?" Phelister aliuliza. "Atarudisha na nini kingine?"

Nashon aliitazama kofia yake. "Labda tukae na kamera. Mpaka apate pesa." Alisema kwa aibu, kama mtu anayeomba maji katika nyumba asiyoijua.

Kidega alisimama. Akaitoa kamera kwenye mkoba, akapangusa kioo chake kwa pindo la fulana, akafunga kifuniko, akazungusha mkanda vizuri ili usiburuzike. Phelister aliipokea kwa mikono miwili, hajui aishikeje.

Aloyo alikuwa bado ameshika mwavuli, maji yakimchuruzikia viatuni. Alifungua kinywa. Neno lilikuwepo.

"Mtakunywa chai?" alisema.

Walipoondoka alimfuata Oola chumbani, akafunga mlango.

"Baba Ajok. Ile kadi ni yangu."

"Kila kadi ya nyumba hii ni yako."

"Sikuijaza. Boksi zima sikujaza. Leo nimejaribu mbili, zote ni mbovu."

Oola alikaa kitandani, akavua soksi moja. Alikuwa askari wa miaka mingi, na maswali yake yalitoka kwa mpangilio wa kituoni. "Nani mwingine anajua?"

"Abdul-Latif na mkewe."

"Watasema?"

"Hapana."

"Basi hakuna kesi. Kamera zinakufa kila siku."

"Na Kidega?"

"Ni kijana. Atapata nyingine."

"Nani atamwita? Kisugu nzima jioni hii inajua kwamba anapoteza harusi za watu."

Oola alivua soksi ya pili polepole. "Ukisema wewe, kila mwenye kadi ya bluu atakuja kwenye mlango huu. Umefikiria karo ya Ajok?"

"Nimefikiria. Nimefikiria tangu asubuhi, sijafikiria kingine."

"Basi nyamaza, mama."

Aloyo alitoka nyuma. Kidega alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, akiosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.

"Anti, mimi nitarudi Gulu," alisema. "Hii kazi si yangu."

"Usiseme hivyo."

"Nimefikiri vizuri. Kama ingekuwa kadi, ningesema ni kadi. Lakini kadi ni yako, na wewe unajaza. Kila mtu anajua Mama Jaza anajaza. Kwa hiyo si kadi. Ni mimi."

Alimtazama na kutabasamu kidogo, akimwondolea lawama, kwa moyo wake wote.

Usiku ule na Jumanne nzima Aloyo hakukaa mahali. Alipanga sahani akazipangua. Alizirudisha kadi zilizobaki kwa Abdul-Latif, akasahau mwavuli huko, akaufuata, akausahau tena. Alishika rozari, na kila mara alipofika kwenye Baba Yetu alikwama palepale panapoomba msamaha, akarudi mwanzo kama mtoto aliyesahau shairi. Mwishowe akaiweka rozari juu ya meza. "Bwana," alisema, "sijui kukuomba unisaidie kunyamaza."

Jumatano jioni mvua ilikuwa imekoma. Sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba ya Nashon, jambo lililokuwa limepangwa kabla ya harusi, na kwa sababu ya harusi watu walikuja wengi kuliko kawaida. Wanawake walijaza makochi na mikeka, wanaume wakasimama hadi kibarazani. Kidega alikuwa mlangoni. Aloyo alimlazimisha aje. Juu ya kabati, kando ya televisheni, ile kamera ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila aliyeingia aliitazama kisha akatazama pembeni.

Waliimba, wakasoma Injili. Mwenyekiti, baba mnene mwenye sauti nyembamba, akawakaribisha wenye maombi. Mmoja aliombea mguu. Mwingine aliombea kesi ya ardhi. Aloyo akasimama.

"Mimi sina ombi. Nina neno kwa Mama Moreen."

"Baadaye, dada," mwenyekiti alisema. "Sasa ni maombi."

"Baadaye nitakunywa chai niende nyumbani. Najijua." Alishika mgongo wa kiti. "Kamera haikufa. Kidega hakukosea. Kadi ni mbovu, na niliiuza... nilimpa mimi. Tangu Julai sijazi. Bei zilishuka, nikaona muda wa kujaza unanila. Nikawa napiga picha moja tu, watu waone mimi bado ni Mama Jaza."

"Anti," Kidega alisema kutoka mlangoni, "hata ya kwangu hukujaza?"

"Nilipiga picha moja."

"Ya nani?"

"Ya kwako. Ulikuwa unakula muhogo."

Mtu mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Kidega aliinamisha uso. Aloyo angependelea matusi.

"Kwa hiyo juzi," Phelister alisema taratibu, "mimi nimesimama pale kwako nalia. Wewe unajua. Ukaniuliza chai."

"Ndiyo."

"Chai!"

"Ndiyo, dada."

Phelister alinyanyuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akaifunua kamera, akaivusha juu ya vichwa mpaka mlangoni. "Chukua kitu chako, mwanangu. Nilikuita jina baya kule bombani, mbele ya wachota maji. Nitalirudisha kule kule bombani." Kisha akabaki amesimama katikati ya chumba chake, mikono mitupu, kama mtu aliyeshinda kesi na hajapata kitu.

Nashon alikohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wenzake wa ghalani alikofanya kazi walisema anaweza kupakia lori zima kwa salamu moja. Aliweka kikombe chini, akapangusa viganja kwenye suruali.

"Mama Moreen. Unasema hukusikia."

"Sikusikia."

"Nilisema."

"Najua ulisema. Watu waliniambia."

"Yale ya padre siyakumbuki yote, yeye ndiye alikuwa anatangulia." Jasho lilimtoka, na macho yake yalikuwa kwenye kifungo cha blauzi ya mkewe. "Nilisema nakuchukua wewe, si mwingine. Nilisema kama tutaugua, kama tutakosa, mimi sitatoka. Mpaka nife mimi au ufe wewe. Na nasema tena. Ndiyo hayo."

Kidega, kwa mazoea ya mikono, alikuwa ameshainua kamera.

"Shusha hiyo," Phelister alisema bila kugeuka. Hakulia. Alisimama wima, amegeuza sikio upande wa mumewe, hata baada ya Nashon kumaliza, kana kwamba anahakikisha hakuna kilichobaki njiani. Ndipo akamgeukia Aloyo.

"Sijakusamehe bado. Padre akiniuliza nitamwambia bado."

"Nimesikia."

"Mume wangu anaogopa watu, na amesema mbele ya watu. Sasa wewe, mwenye mdomo wa kuuza, sema. Zile kadi nyingine?"

Aloyo aliona mlangoni kofia ya Oola. Alikuwa amefika kutoka zamu, amesimama nyuma ya wengine, na hakumpa ishara yoyote. Aloyo alifikiria karo. Alimfikiria yule mzee wa kaburi la vigae.

"Kesho nitabandika karatasi mezani kwangu," alisema, "yenye jina langu. Kila aliyenunua kadi ya bluu airudishe, nitampa pesa yake, na nikikosa nitauza kompyuta. Nikijua anakokaa nitamfuata. Na kadi haitatoka tena mkononi mwangu bila kujazwa mpaka mwisho, mnunuzi mwenyewe akiona. Hata bei ikishuka ikawa ya kiberiti."

"Kwa sauti," Phelister alisema. "Wale wa kibarazani hawajasikia."

Aloyo aliugeukia mlango, akalisema lote tena tangu mwanzo, kwa sauti.